Sura ya 5: Fundi Ameondoka, Geti Limebaki

“Mali yangu yote ni grainda mbili, drili na mashine ya kuchomelea. Sasa bima ya nini?”

Mafundi wa mageti huniuliza swali hili kuliko jingine lolote, Dar es Salaam, Arusha hadi Mombasa. Mmoja aliongeza huku akicheka kwamba mwizi akivunja karakana yake huenda akamwonea huruma, akamwachia kitu. Swali lenyewe silidharau. Anayeliuliza amesimama mlangoni pa karakana, akajumlisha vilivyomo, akalinganisha na ada aliyotajiwa na wakala, akaona haviendani. Hesabu yake iko sawa, ila amejumlisha vitu vyake peke yake.

Tujumlishe na vya wengine. Geti la kuslaidi la mita nne, la bamba na fremu ya chuma, lina kilo 200 na kuendelea. Linasimama kwenye reli likiwa limeshikwa na roli mbili za juu, na mwisho wa reli kuna kipande cha chuma cha kulizuia lisipitilize, ile stopa. Stopa ikikatika, au ikiwa haikuwekwa kabisa kwa sababu chuma kiliisha jioni ile, geti linatoka kwenye roli na kulala chini mzimamzima. Pembeni yake kuna gari la mteja. Kuna mlinzi anayelisukuma. Kuna mtoto aliyerudi shule na anapenda kuning'inia getini. Katika hivyo vyote hakuna hata kimoja kilichomo kwenye hesabu ya fundi wetu, kwa kuwa hakuna kilicho chake. Lakini siku geti likianguka, anayetafutwa ni yeye, na namba yake ya simu ipo, ameiandika mwenyewe kwa rangi nyeupe pembeni mwa geti.

Ndiyo maana sura hii haianzi na wizi wala moto. Inaanza na kazi ambayo umeshaimaliza, ukalipwa, na ukaisahau.

Kazi inayoendelea kutembea

Fundi cherehani akikosea, gauni linarudishwa kwa maneno makali. Fundi rangi akikosea, ukuta unabanduka na mteja ananung'unika. Geti na mlango wa gereji ni kitu kizito kinachotembea kila siku, asubuhi na jioni, mbele ya watu, miaka na miaka baada ya fundi kuondoka. Kila kinapofunguliwa ni kama kazi yako inapimwa upya, na wewe haupo.

Wamarekani wameliishi jambo hili kwa miaka mia moja. Mlango wa gereji unaopanda juu badala ya kufunguka pembeni ulibuniwa huko na C. G. Johnson mwaka 1921, na mwaka 1926 akatoa mota ya umeme ya kuufungua. Mlango huo unaweza kuwa na uzito wa mtu mzima au zaidi, lakini unauinua kwa mkono mmoja. Siri yake ni springi ya chuma iliyosokotwa kwa nguvu juu ya mlango, ambayo hubeba uzito kwa niaba yako. Springi ya kawaida hukadiriwa kudumu mizunguko 10,000, kufungua na kufunga mara moja kukihesabiwa mzunguko mmoja. Nyumba inayofungua mara nne kwa siku huimaliza kwa miaka saba hivi. Siku ikikatika, mlango unarudiwa na uzito wake wote kwa mara moja. Na fundi anayejaribu kuilegeza bila vyuma vyake maalumu anaweza kuvunjwa mkono au kupigwa usoni, maana nguvu iliyosokotwa mle inatafuta pa kutokea.

Kisha zikaja mota na rimoti. Watoto wakawa wanabanwa chini ya milango iliyoshuka bila mtu kutazama, na baadhi yao wakafa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1990 ikalazimisha kwamba kila mota ya mlango wa gereji ya nyumbani inayotengenezwa kuanzia Januari 1, 1993 iwe na kinga ya pili ya kuzuia mtu asibanwe. Kinga inayotumika zaidi ni yale macho mawili yanayotazamana, yaliyofungwa chini, si zaidi ya sentimita 15 kutoka sakafuni. Kitu kikikatisha mwanga kati yake, mlango unarudi juu.

Macho ya namna hiyo ndiyo unayoyakuta kwenye boksi la mota ya geti unayonunua Kariakoo. Na hapa niseme jambo ambalo mafundi wenyewe wanalijua vizuri: mara nyingi macho hayo hubaki kwenye boksi. Au hufungwa, yakafanya kazi mwezi mmoja, kisha buibui akatanda utando mbele yake, geti likagoma kujifunga usiku, mteja akapiga simu kwa hasira, na fundi akaja kuunganisha waya mfupi kwenye bodi ili mota ijidanganye kwamba njia iko wazi. Tatizo la mteja limekwisha. Lakini waya ule mfupi unabaki palepale, na mkaguzi wa bima akifungua boksi la mota baada ya ajali, atauona kabla hajaona kitu kingine.

Neno la kulielewa: dhima

Dhima, kwa lugha ya bima, ni wajibu wako kisheria wa kumlipa mtu hasara uliyomsababishia kwa uzembe au kosa lako. Bima ya dhima ni mkataba ambao kampuni ya bima inabeba wajibu huo badala yako, hadi kiwango mlichokubaliana. Huyo mtu aliyepata hasara, ambaye si wewe wala si kampuni ya bima, ndiye anayeitwa mtu wa tatu. Wenye magari wanalijua jina hilo kutokana na bima ndogo ya gari: haikulipii gari lako, inamlipa uliyemgonga. Bima ya dhima ya fundi ni ndugu wa bima ndogo, tofauti ni kwamba kinachogonga ni kazi ya mikono yako.

Bima hii ina sehemu mbili, na mafundi wengi huuziwa moja wakidhani wamenunua zote.

Sehemu ya kwanza ni ajali zinazotokea ukiwa kazini. Ngazi imeteleza ikavunja kioo cha gari. Cheche ya grainda imetoboa kochi la mwenye nyumba. Mpita njia amekanyaga bomba la chuma uliloliacha barabarani.

Sehemu ya pili ni ajali zinazotokea baada ya kukabidhi kazi. Kampuni za bima huiita kinga ya kazi iliyokamilika. Geti ulilofunga Januari linamwangukia mlinzi Agosti. Kwa fundi wa mageti, sehemu hii ya pili ndiyo roho ya jambo, maana ukiwa saiti unakuwa mwangalifu, una wasaidizi, na kamba zipo. Geti likibaki peke yake halina wa kulishika. Mkataba wenye sehemu ya kwanza tu unaweza kukufaa kama unafagia uwanja, lakini wewe unafunga mageti. Nchini Marekani mteja wa maana, hasa kampuni ya majengo, huomba aone hati ya bima ya fundi kabla ya kumruhusu kugusa mlango, na kazi iliyokamilika ni miongoni mwa mambo anayoyatazama. Kwetu nako, miradi mikubwa ya ujenzi imeanza kuwauliza mafundi wadogo swali hilohilo, na fundi asiye na karatasi hubaki nje ya uzio akiwatazama wenzake.

Sasa tuchukue mfano, nao ni wa kutunga. Umefunga geti kwa Sh3,500,000. Miezi sita baadaye kiungo ulichochomelea kinaachia, geti linaangukia gari la mgeni na kuliharibu kwa Sh9,000,000, na mlinzi wa nyumba ile anavunjika mguu. Una bima ya dhima yenye kazi iliyokamilika. Kiasi cha kuchangia, yaani sehemu ya kwanza ya kila hasara ambayo hulipwa na wewe mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa, ni Sh500,000. Ikithibitika kwamba kosa ni lako, kampuni italipa gari kasoro laki tano zako, pamoja na fidia halali ya mlinzi, hadi kikomo cha mkataba. Mara nyingi italipa pia gharama za wakili wa kukutetea.

Na geti lenyewe? Halilipi. Utalitengeneza upya kwa chuma chako.

Hapa ndipo mafundi hukasirika, na ndipo ninapoitetea kampuni ya bima, jambo ambalo silifanyi mara nyingi. Bima ingelipa kazi mbovu, fundi mbovu angekuwa na faida kuliko fundi mzuri: angechomelea kwa haraka, akalipwa, kiungo kikaachia, akalipwa tena. Kwa hiyo mikataba ya dhima karibu yote hutenganisha mambo mawili: madhara yaliyosababishwa na kazi yako mbovu, ambayo hulipwa, na gharama ya kuirudia kazi yenyewe, ambayo hailipwi. Lijue hili kabla ya kusaini, usije ukalijua ofisini kwa wakala ukiwa umeshika ankara ya chuma.

Kwa kifupi, kabla hatujaendelea: bima ya dhima huwalipa wengine, si wewe, kwako wewe muhimu ni ile yenye kazi iliyokamilika, na geti bovu linabaki kuwa lako.

Dai linaweza kukufuata kwa muda gani

Watu hudhani mteja akishalipa na kushukuru, mambo yamekwisha. Tanzania na Kenya sheria zinafanana hapa: anayedai kwa sababu ya uzembe ana miaka 3 tangu haki yake ya kudai ilipoanza, na anayedai kwa kuvunjwa mkataba ana miaka 6. Angalia vizuri hiyo miaka mitatu. Kwa mlinzi aliyeumia, saa ya uzembe inaanza siku alipoumia, haianzi siku ulipofunga geti. Geti la miaka minne iliyopita linaweza kukuletea barua ya wakili kesho.

Ndiyo sababu inabidi uulize jambo moja ambalo mawakala wengi hawalielezi mpaka waulizwe. Mikataba ya dhima iko ya aina mbili. Aina ya kwanza huangalia tukio: ajali ikitokea ndani ya kipindi cha bima, unalipiwa, hata kama dai limeletwa baadaye. Aina ya pili huangalia dai: unalipiwa tu kama dai lenyewe limeletwa wakati bima bado iko hai. Ukiwa na aina ya pili ukaacha kulipia kwa sababu mwaka ule biashara ilikuwa ngumu, mageti yote uliyoyafunga miaka ya nyuma yanabaki bila kinga. Na hata kwa aina ya kwanza, ajali ya mwaka ambao hukulipia ni ya kwako peke yako. Fundi anayestaafu au anayehamia kazi nyingine aulize mapema: mageti yangu ya zamani yatalindwa na nani?

Aliyeumia akiwa ni mtu wako

Msaidizi wako akidondoka kwenye ngazi, usikimbilie mkataba wa dhima. Ufungue, utaona umeandikwa kwamba wafanyakazi wako mwenyewe hawamo. Wana njia yao.

Tanzania Bara njia hiyo ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kukusanya michango Julai 2015. Mwajiri wa sekta binafsi alianza kwa kuchangia asilimia 1 ya mishahara. Sasa ni asilimia 0.5. Anachangia mwajiri peke yake, na haruhusiwi kumkata mfanyakazi. Piga hesabu: una wasaidizi watatu, kila mmoja Sh400,000 kwa mwezi. Jumla ni Sh1,200,000, na mchango wako ni Sh6,000. Hizo ni kama sahani mbili za chipsi mayai kwa mwezi, kwa watu watatu wanaobeba geti la kilo 200 mabegani. Kwa hizo, mfanyakazi akiumia kazini kuna matibabu, malipo ya muda ambao hawezi kufanya kazi, malipo ya ulemavu wa kudumu, na akifariki kuna msaada wa mazishi na malipo kwa wategemezi. Mfuko hauanzi kwa kuuliza nani alizembea. Sijaona bima ya bei hii popote, na bado ninakutana na wenye karakana wanaoniambia, “Hawa si wafanyakazi, ni deiwaka.” Kumwita mtu deiwaka hakubadilishi kitu kama yuko kwako kila siku, anatumia vifaa vyako na anafuata amri yako.

Kenya utaratibu ni mwingine. Sheria ya mwaka 2007 ya mafao ya walioumia kazini, inayojulikana kwa kifupi chake WIBA, inamtaka mwajiri anunue bima kwenye kampuni iliyosajiliwa. Mfanyakazi akifariki au akipata ulemavu kamili wa kudumu, fidia ni mapato ya miezi 96. Msaidizi wa KSh20,000 kwa mwezi, hiyo ni KSh1,920,000. Uliza mwenye karakana yeyote wa Gikomba kama ana pesa hiyo kwenye droo.

Bado kuna fundi umeme unayemwita kuja kufunga mota. Huyo si mfanyakazi wako wala si mteja. Ni fundi mwenzako unayemlipa kwa kazi. Akikosea waya na geti likambana mtu, mteja atakudai wewe, kwa kuwa aliyepokea pesa ni wewe. Mikataba mingi ya dhima inataka mafundi wa namna hiyo wawe na bima yao wenyewe. Kama hana, mwambie wakala mapema, mpatane namna ya kumjumuisha.

Moto, gari na vifaa

Haya matatu ndiyo ambayo mafundi huyafikiria kwanza, nami nitayapitia haraka, isipokuwa moto.

Kuchomelea ndani ya nyumba ya mtu ni kazi ambayo kampuni za bima huiogopa, na huiwekea masharti yake. Masharti ya kawaida ni haya: ondoa au funika vinavyoshika moto, weka kizimamoto karibu, na baada ya kumaliza mtu abaki akiangalia eneo lile kwa nusu saa au saa nzima. Hilo la mwisho ndilo linalovunjwa kila siku. Kazi ya kuchomelea ikiisha saa saba mchana, kila mtu anaenda kwa mama ntilie. Cheche iliyoingia kwenye maranda au nyuma ya godoro haitoi moto palepale. Inafuka polepole mpaka sahani za wali maharage zinapokwisha. Nyumba ikiungua, swali la kwanza la mkaguzi litakuwa nani alibaki. Kama hakubaki mtu, sharti limevunjwa na malipo yanaingia mashakani. Nenda na zamu: mmoja anakula, mmoja anatazama.

Gari: kama lako lina bima ndogo, geti lililopakiwa juu yake halina bima yoyote. Kama ni kirikuu cha kukodi, uliza bima yake inasema kinafanya kazi gani. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi huku likibeba mizigo kwa malipo ni mgogoro unaosubiri siku yake. Na geti linalotokeza nyuma kwa mita moja na nusu likimchoma mwenye bodaboda kwenye foleni, kila mwenye bima atamnyooshea kidole mwenzake.

Vifaa: viwekee thamani ya kweli. Ipo kanuni ya uwiano, nayo inafanya kazi hivi. Vifaa vyako ni vya Sh10,000,000. Ili ada ipungue, umeandika Sh5,000,000. Vinaibiwa vya Sh4,000,000. Kampuni inasema: uliweka nusu ya thamani, nasi tunalipa nusu ya hasara, Sh2,000,000, kasoro kiasi cha kuchangia. Hajadhulumiwa mtu; mlikubaliana hivyo, ingawa ni wewe tu hukujua. Wizi wenyewe mara nyingi unatakiwa uwe na alama za kuvunja. Grainda iliyopotea saiti mlango ukiwa wazi, au iliyoondoka na msaidizi, kwa kawaida hailipwi.

Ukikaa na wakala

Tofautisha kwanza watu wawili. Wakala wa bima anafanya kazi kwa niaba ya kampuni. Dalali wa bima anafanya kazi kwa niaba yako, anazunguka kwenye kampuni kadhaa kukutafutia. Wote lazima wawe na leseni. Tanzania wanasimamiwa na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na Kenya ni mamlaka ya bima iitwayo IRA. TIRA ina mfumo wa mtandaoni wa kuhakiki bima uliyouziwa. Hakiki siku hiyohiyo, kabla hujatoka pale ofisini, na lipa kwenye akaunti ya kampuni. Pesa uliyomtumia mtu kwenye simu yake binafsi inaweza isifike, na kanuni ni kwamba bila ada hakuna kinga.

Ada ya dhima hutegemea zaidi mauzo yako ya mwaka, aina ya kazi na kikomo cha malipo, kisha Tanzania inaongezwa VAT. Sitataja bei, maana zinabadilika na kila karakana ina yake. Uliza haya, na majibu yaandikwe:

– Kazi iliyokamilika imo? Nionyeshe ukurasa.
– Mkataba unaangalia tukio au dai?
– Kikomo ni kiasi gani kwa ajali moja, na kiasi gani kwa mwaka mzima?
– Ninachangia kiasi gani kwa kila hasara?
– Kazi ya moto ina masharti gani?
– Kufunga mota na umeme kumo, au mmeniandika mchomeleaji tu?

Hilo la mwisho lina uzito wake. Bima inasimama juu ya nia njema: unatakiwa ueleze kila jambo muhimu kuhusu kazi yako, hata usiloulizwa. Karakana iliyoanza na madirisha ya grili mwaka juzi, leo inafunga milango ya shata kwenye fremu za maduka na mota kwenye mageti, si karakana ileile. Fomu uliyojaza zamani inasema uongo bila wewe kukusudia. Kabla ya kuhuisha bima kila mwaka, isome tena fomu hiyo.

Siku ikitokea

Hapa desturi yetu na karatasi za bima hugongana. Mtu akiumia kwa geti ulilofunga, unakwenda. Unampa pole, unakaa na familia, unatoa chochote cha hospitali. Asiyekwenda anaonekana mnyama, na mtaa mzima utasikia. Mkataba wa bima nao unasema: usikiri kosa, wala usiahidi malipo, bila idhini ya kampuni.

Nimewahi kumsikia fundi akisema kwa sababu hiyo hakwenda hospitalini kabisa. Alielewa vibaya. Pole si kukiri kosa. Kumkimbiza majeruhi hospitali hakuvunji mkataba. Kinachovunja ni kusimama mbele ya ukoo na kusema, “Kosa ni langu, nitalipa kila kitu,” au kusaini karatasi kwa mwenyekiti wa mtaa yenye kiasi ndani yake. Ukiulizwa, jibu la heshima lipo: “Mama, poleni sana. Nina bima, nimeshatoa taarifa, watakuja kuangalia. Sitawakimbia.” Jibu hilo linatuliza watu kuliko ahadi ya pesa ambayo kila mtu anajua huna.

Baada ya pole, toa taarifa kwa kampuni siku ileile na polisi kama kuna aliyeumia. Piga picha kabla ya geti kuinuliwa. Usitupe kile kiungo kilichokatika, hata kama kinakutia aibu: kutu iliyokaa ndani muda mrefu na mpasuko mpya vinaonekana tofauti kwa macho ya mkaguzi, na huenda kikaonyesha kwamba geti liligongwa na lori la mchanga wiki iliyotangulia. Kampuni ikikataa kulipa na hukuridhika, Tanzania kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na sheria, unayoweza kuifikia kabla ya kufikiria mahakama.

Lakini dai linashinda au linashindwa kutegemea siku ya makabidhiano, miezi mingi kabla ya ajali. Fundi mmoja ninayemfahamu ana kitabu cha risiti cha nakala mbili, na nyuma ya kila risiti ameandika kwa mkono maneno yaleyale: stopa mbili zimefungwa, macho ya mota yamejaribiwa kwa ndoo, mwenye nyumba ameonyeshwa jinsi ya kuachia mota umeme ukikatika, watoto wasining'inie, niite baada ya miezi sita nikague. Anaiweka ndoo katikati ya njia, anabonyeza rimoti, geti linakuja na kusimama kabla ya kuigusa. Mwenye nyumba anacheka. Kisha anapewa kalamu asaini, na fundi anapiga picha ya saini, ndoo na geti pamoja, tarehe ikionekana kwenye simu.

“Yote haya ya nini, fundi? Nimeshakulipa,” mama mmoja alimuuliza.

“Wewe umenilipa, mama. Geti ndiyo linaanza kazi leo.”